KASOS NA KARPATHOS: SAFARI YA DAKIKA TANO INAYOBEBA KISIWA KIZIMA

Katika pembe ya kusini-mashariki ya nchi ya Ugiriki, pale Bahari ya Aegean inapoachana na maji mapana ya Mediteranea, vipo visiwa viwili vinavyotazamana kama nyumba mbili za ua mmoja. Kikubwa ni Karpathos, chenye milima mirefu na eneo la kilomita za mraba kama 300. Kidogo ni Kasos, kisiwa cha mawe na upepo, chenye wakazi kama elfu moja tu na vijiji vitano. Kila kisiwa kina kiwanja chake cha ndege. Na baina ya viwanja hivyo viwili hufanyika safari ambayo ni miongoni mwa safari fupi kabisa za ndege za abiria zenye ratiba duniani.

Abiria hupanda, hufunga mkanda, na ndege huondoka. Akitazama dirishani huona mwamba, kisha mkondo wa bahari wenye povu jeupe, kisha mwamba mwingine. Kabla hajamaliza kukunja gazeti lake, magurudumu yamekwisha gusa ardhi. Upepo ukiwa mwema, muda wote wa kuwa angani hauzidi sana dakika tano.

Mtu aliyezoea safari za bara, ambaye hutembea kilomita ishirini kwa baiskeli kwenda gulioni na kurudi, anaweza kucheka akisikia habari hii. Anaweza kuuliza: Ya nini kuwasha injini mbili za ndege kwa mwendo wa dakika tano? Kwa nini watu hawa wasipande mashua? Na kwa nini serikali itoe fedha ya umma kuwarusha? Maswali hayo ni ya haki, nayo yanastahili majibu. Lakini wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Umbali wa Kasos na Karpathos haupimwi kwa kipimo kimoja. Una kipimo cha ramani, una kipimo cha saa, na una kipimo cha haja ya binadamu. Kila kimoja hutoa jibu lake.

UMBALI KATIKA RAMANI

Askari yeyote aliyefundishwa kusoma ramani anaweza kuupata umbali huu bila kutoka mezani. Viwanja vyote viwili viko karibu kabisa katika mstari mmoja wa latitudo, yaani digrii 35 na dakika 25 kaskazini ya ikweta. Maana yake ni kwamba kimoja kiko mashariki hasa ya kingine. Kiwanja cha Kasos kiko katika longitudo ya digrii 26 na dakika kama 55 mashariki; kile cha Karpathos kiko katika digrii 27 na dakika kama 9. Tofauti yao ni dakika 14 za ramani, ambazo si dakika za saa, bali ni sehemu za digrii: digrii moja ina dakika sitini.

Katika ikweta, dakika moja ya longitudo ni sawa na takriban maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Lakini mistari ya longitudo hukaribiana kadiri mtu anavyokwenda kaskazini au kusini, mpaka ikakutana yote katika ncha za dunia, mithili ya vipande vya chungwa lililomenywa. Katika latitudo ya visiwa hivi, dakika moja ya longitudo imekwisha kupungua na kuwa mita 1,510 hivi. Mara kumi na nne, jawabu ni kilomita 21 na kitu kidogo, au maili za baharini zisizozidi kumi na mbili.

Hizo ndizo kilomita za ramani: 21. Umbali huo ni wa kiwanja kwa kiwanja, ukipimwa kwa mstari ulionyooka juu ya maji. Mkondo wenyewe wa bahari unaotenganisha visiwa ni mwembamba zaidi, na siku ya anga safi mtu aliye ufukoni Kasos huiona milima ya Karpathos waziwazi.

MUDA KATIKA SAA

Ikiwa umbali ni kilomita 21, hesabu ya shule yasema kwamba ndege iendayo kilomita 500 kwa saa itaumaliza kwa dakika mbili na nusu. Kwa nini basi huchukua dakika tano?

Sababu ni kwamba ndege ndogo za pangaboi zitumikazo katika njia kama hii haziwezi kufikia mwendo wake mkubwa katika safari fupi namna hii. Baada ya kuiacha ardhi, rubani hupanda, hugeuza kichwa cha ndege kuelekea kisiwa cha pili, na papo hapo huanza kujitayarisha kushuka. Hakuna nafasi ya kupanda juu ya mawingu. Mwendo wa wastani ukiwa kilomita 260 kwa saa, kilomita 21 huchukua dakika tano kasoro kidogo. Aidha, ndege hairuki daima kwa mstari ulionyooka. Kwa kuwa huruka na kutua ikiukabili upepo, mara nyingi hulazimika kuzunguka kidogo kabla ya kuikamata njia yake.

Tena yafaa kutofautisha muda wa namna tatu, maana wengi huuchanganya. Wa kwanza ni muda wa angani, tangu magurudumu yanapoiacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Huo ndio dakika tano. Wa pili ni muda wa ratiba, unaohesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama kabisa upande wa pili. Huo huandikwa dakika kumi au kumi na tano. Wa tatu ni muda wa msafiri, tangu anapofunga mlango wa nyumba yake hadi anapobisha hodi kwa mwenyeji wake. Huo hauandikwi katika ratiba yoyote. Kutoka kiwanja cha Karpathos, kilicho katika ncha ya kusini ya kisiwa, hadi mji mkuu wa Pigadia ni mwendo wa kilomita kama 15 kwa gari. Hivyo abiria aliyevuka bahari kwa dakika tano hutumia muda mrefu zaidi ndani ya teksi kuliko aliotumia angani.

Pamoja na ufupi wake, safari hii haishiki nafasi ya kwanza duniani. Huko kaskazini ya Uskoti, baina ya visiwa vya Westray na Papa Westray, ipo safari ya ndege ya kilomita 2.7 tu, iliyoanzishwa mwaka 1967. Ratiba yake ni dakika mbili, na iliwahi kumalizwa kwa sekunde 53. Lakini Uskoti au Ugiriki, kisa ni kile kile: watu wachache, bahari kali, na kisiwa kikubwa cha jirani chenye kile kilichokosekana katika kisiwa kidogo.

UPEPO HAUSOMI RATIBA

Adui mkubwa wa ratiba katika visiwa hivi ni upepo. Wakati wa kiangazi huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi, ambao mabaharia wa Aegean wameujua tangu zama za kale. Huvuma siku kadhaa mfululizo chini ya anga la buluu lisilo na wingu hata moja, kiasi kwamba mgeni hudhani hali ya hewa ni njema mpaka anapotoka nje na kofia yake kupeperushwa. Karibu na kiwanja cha Karpathos kuna ghuba ya Afiartis, ambako vijana kutoka nchi mbalimbali hufika kushindana na mawimbi juu ya mbao zenye tanga, kwa sababu tu ya upepo huo. Kinachomfurahisha mwanamichezo ndicho kinachomtoa jasho rubani.

Tuseme kwa mfano kwamba ndege inakwenda kilomita 260 kwa saa, na upepo wa kilomita 60 kwa saa unaikabili usoni. Mwendo wake juu ya ardhi utakuwa kilomita 200, na safari ya kilomita 21 itachukua dakika sita na ushei. Upepo huo huo ukiwa nyuma yake, mwendo utakuwa kilomita 320, na safari itakwisha kwa dakika nne. Tofauti ni dakika mbili tu. Kumbe upepo hauiharibu safari kwa kuichelewesha angani. Huiharibu kwa kuizuia isianze. Njia ya kurukia ndege ya Karpathos ina urefu wa mita kama 2,400, lakini ile ya Kasos haifiki hata mita 1,000. Upepo ukivuma kwa ubavu na kubadilika-badilika kwa sababu ya milima, rubani mwenye busara hatui. Siku hiyo dakika tano hugeuka kuwa siku nzima, au mbili.

KITUO KATIKA NJIA YA RHODES

Kwa kawaida mtu wa Kasos haishii Karpathos. Shabaha yake kubwa ni Rhodes, kisiwa chenye mji mkubwa, mahakama, ofisi za serikali na hospitali kuu ya eneo hilo. Kwa miaka mingi safari fupi ya dakika tano imekuwa ni pingili moja ya mnyororo unaounganisha Rhodes, Karpathos, Kasos na mji wa Sitia katika kisiwa cha Krete.

Hapa ramani inatoa funzo la kupendeza. Toka Rhodes hadi Karpathos, kiwanja kwa kiwanja, ni kilomita kama 138. Ukiongeza zile 21 za kwenda Kasos, jumla ni 159. Kama ndege ingekwenda moja kwa moja toka Rhodes hadi Kasos, ingesafiri kilomita kama 152. Hivyo kupitia Karpathos kunaongeza kilomita saba tu katika njia. Lakini kunaongeza kutua, kushusha abiria na mizigo, kupakia wengine, na kuruka tena. Kilomita saba zinazidisha safari kwa zaidi ya robo saa. Ndiyo maana mwenye kupanga safari za ndege hatazami umbali peke yake, bali huhesabu pia vituo.

Vituo hivyo vina gharama nyingine isiyoonekana na abiria. Injini hutumia nguvu nyingi zaidi wakati wa kuruka na kupanda, na magurudumu na breki huchakaa wakati wa kutua. Kwa hiyo umri wa ndege hauhesabiwi kwa saa za kuruka tu. Huhesabiwa pia kwa idadi ya mara ilizoruka na kutua. Safari ya dakika tano huizeesha ndege kwa mruko mmoja na mtuo mmoja, sawasawa na safari ya saa mbili. Kwa kila kilomita, njia fupi ndiyo ghali kuliko zote.

KWA NINI WASIPANDE MELI?

Meli zipo, na watu wa Kasos huzipanda. Meli ya abiria kutoka Pigadia hadi bandari ya Fry, mji mkuu wa Kasos, huchukua muda kama wa saa moja na nusu. Kutoka Kasos hadi Piraeus, bandari ya Athens, safari huchukua usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume: bandari ya Fry ni ndogo na imeuelekea upepo wa kaskazini. Bahari ikichafuka, meli huweza kupita mbele ya kisiwa bila kufunga gati, huku waliokuwa wakiisubiri wakibaki na mizigo yao ufukoni.

Watu hawa si wageni wa bahari. Babu zao walikuwa mabaharia mashuhuri, na merikebu zao zilipigana katika vita vya kuukomboa Ugiriki kutoka mikono ya Dola ya Waturuki. Kwa sababu hiyo, mwezi Juni 1824 kikosi cha majini cha Misri, kilichokuwa upande wa Dola hiyo, kilikivamia kisiwa cha Kasos, kikaua watu wengi na kuwachukua wengine utumwani. Waliosalia walijenga upya. Baadaye katika karne hiyo hiyo, maelfu ya wana wa Kasos walikwenda Misri kufanya kazi katika ujenzi wa Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Na wengine wao wakawa marubani wa kuziongoza meli katika mfereji huo.

Karpathos nako wanajua maana ya kuivuka bahari kwa dharura. Mwezi Oktoba 1944, wakati wa vita kuu ya pili, wananchi wa kisiwa hicho waliinuka dhidi ya utawala wa kigeni. Wanaume saba wakaingia katika mashua ndogo kwenye bandari ya Finiki, wakavuka bahari wazi hadi Misri kupeleka habari na kuomba msaada kwa majeshi yaliyokuwa huko. Leo ipo sanamu ya kumbukumbu yao pale Finiki. Visiwa hivi pamoja na jirani zake viliunganishwa rasmi na Ugiriki tarehe 7 Machi 1948.

Basi watu wenye historia ya namna hiyo hawadai ndege kwa sababu ya kuogopa maji. Wanaidai kwa sababu wanayajua maji.

KIPIMO CHA TATU

Kipimo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote. Katika kisiwa cha watu elfu moja haliwezi kujengwa kila jambo. Kasos ina huduma za tiba za mwanzo, lakini haina hospitali kubwa. Mgonjwa wa moyo, mama mjamzito aliyepatwa na matatizo, mtoto aliyevunjika mfupa vibaya, wote hao hulazimika kuvuka. Katika hali ya hatari kabisa, ndege na helikopta za Jeshi la Anga la Ugiriki zimekuwa zikitumika kuwahamisha wagonjwa kutoka visiwani. Marubani wa kijeshi huitwa usiku wa manane, wakaruka katika upepo ule ule ambao mchana ulizifunga safari za kawaida. Ni kazi isiyo na risasi, lakini ni ulinzi wa wananchi kwa maana iliyo kamili.

Lakini si kila haja ni ya kufa na kupona. Mzee anayetakiwa kuonana na daktari wa macho kila baada ya miezi kadhaa haitiwi helikopta. Mwalimu aliyepangiwa shule ya Kasos anataka kujua kwamba akipata habari ya msiba nyumbani ataweza kufika. Kijana anayetumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, akipewa likizo ya siku chache, hawezi kuzimaliza zote akiisubiri meli bandarini. Polisi aliyehamishiwa kisiwani humo pamoja na mke na watoto huuliza kwanza habari ya usafiri kabla hajauliza habari ya nyumba. Kwa hao wote, ile ndege ndogo ni ahadi kwamba kuishi mbali si kuachwa.

Ahadi hiyo ikivunjika, matokeo yake hayaonekani siku moja. Kwanza huondoka daktari. Kisha huondoka familia yenye watoto wadogo. Kisha shule hupungukiwa na wanafunzi. Mwisho kisiwa hubaki na wazee, na nyumba zilizofungwa hufunguliwa wakati wa kiangazi tu, wenyewe wanaporudi kutoka Athens, Marekani au Misri kwa sherehe.

NANI ANALIPA?

Abiria wachache katika ndege ndogo hawawezi kulipa gharama zote kwa nauli zao. Zamani mzigo huo ulibebwa na shirika la Olympic Airways, lililokuwa mali ya tajiri Aristotle Onassis kabla ya kuchukuliwa na serikali katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1971 shirika hilo liliunda tawi lake la Olympic Aviation kwa ajili ya safari za ndege ndogo, zikiwamo za visiwani. Shirika la taifa lilikoma kuruka mwaka 2009 baada ya kulemewa na madeni kwa muda mrefu, na shughuli zake zikaingia katika mikono ya watu binafsi.

Je, visiwa vidogo viachwe kwa sababu havina faida? Sheria ya Ulaya ilikwisha kulifikiri jambo hilo. Kanuni za mwaka 1992, zilizofuatwa na kanuni mpya za mwaka 2008, zinaruhusu serikali kutangaza kwamba njia fulani ya ndege ni ya lazima kwa maisha na uchumi wa eneo lililo mbali. Serikali hutangaza zabuni, huweka masharti kuhusu idadi ya safari, viti na nauli, na shirika linaloshinda hulipwa ruzuku kwa muda wa mkataba. Ugiriki, yenye visiwa vingi, imeutumia utaratibu huo kwa njia nyingi, na njia ya Rhodes, Karpathos, Kasos na Sitia imekuwa mojawapo.

Wapo wanaolalamika kwamba fedha hiyo ni nyingi kwa watu wachache. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa shilingi ya umma ni jasho la wengi. Lakini barabara ya kwenda kijiji cha mlimani nayo haiulizwi faida yake kila jioni. Kwa mtu wa Kasos, ule ukanda wa hewa wa kilomita 21 ndio barabara yake, na ndege ndiyo basi lake.

HESABU YA JIONI NYUMBANI

Mzazi mwenye ramani ya dunia nyumbani anaweza kuitumia habari hii kuwafunza watoto wake. Na watafute Ugiriki, kisha Krete, kisha vile vidoa viwili upande wa mashariki yake. Na wahesabu: kilomita 21, kwa mwendo wa kilomita 260 kwa saa, ni dakika ngapi? Upepo wa kilomita 60 ukiwa usoni, je? Ukiwa mgongoni, je? Mtoto akipata majawabu sawasawa, amekwisha kujua somo moja la hesabu na moja la jiografia.

Kisha mzazi amwulize swali moja ambalo halimo katika vitabu vya hesabu: Kama bibi yake angekuwa mgonjwa katika kisiwa kidogo, na dawa iko katika kisiwa cha pili kinachoonekana kwa macho, na bahari imechafuka, je, hizo kilomita 21 ni karibu au ni mbali?